Taasisi za Utafiti wa Sera Vyuoni: Zinamtumikia Nani, na Kwa Utaratibu Gani

Malalamiko yanayofika katika taasisi za utafiti wa sera za vyuo vikuu huongezeka kila awamu ya ukusanyaji wa taarifa za kaya inapomalizika, na mengi huzunguka mambo yaleyale matatu. La kwanza ni kwamba taasisi hizi ni mkono wa serikali uliovishwa joho la kitaaluma. La pili ni kwamba watafiti huja, huhoji na kuondoka, kisha hakuna kinachobadilika. La tatu ni kwamba mdadisi, yaani mkusanyaji wa taarifa, amehoji nyumba ya jirani na kuiruka ya mlalamikaji, jambo linalochukuliwa kuwa upendeleo. Tunaamini kuwa wengi wanaouliza wanauliza kwa nia njema, na kwa hiyo tunatoa maelezo haya kwa ukamilifu kadiri taratibu zinavyoruhusu.

Ieleweke kwanza kwamba taasisi ya utafiti haina mamlaka ya kuamua. Haitungi sheria, haigawi bajeti na haiorodheshi wanufaika wa mpango wowote. Wizara, kamati ya bunge au mamlaka ya mji inapokuwa na swali ambalo watumishi wake hawana muda au nyenzo za kulijibu, hulipeleka chuoni, ambako wapo wachumi, wanatakwimu, wanasheria na wanasosholojia ambao ajira yao haitegemei jibu litakalopatikana. Mpangilio huu si mgeni. Makerere ilipata taasisi ya utafiti wa kijamii mwaka 1948. Chuo Kikuu cha Ghana kilianzisha taasisi yake ya takwimu mwaka 1962, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Melbourne kilianzisha yake ya utafiti wa uchumi. Nairobi na Dar es Salaam zilifuata mwaka 1965, na mwaka 1966 serikali ya Marekani ilikubaliana na Chuo Kikuu cha Wisconsin kuanzisha taasisi ya kuchunguza umaskini na kupima mipango ya kuupunguza. Nchi hizo zilitofautiana sana kwa hali na kwa itikadi, lakini zote zilihitaji kitu ambacho wizara haiwezi kujipatia yenyewe, kwani aliyebuni mpango si mtu anayefaa kuupima.

Huduma yenye thamani kubwa kuliko zote ndiyo ambayo umma huiona kwa nadra, nayo ni utunzaji wa taarifa za muda mrefu. Chuo Kikuu cha Michigan kilianza mwaka 1968 kufuatilia familia zipatazo 5,000, na hadi sasa kinaendelea kuwahoji waliobaki pamoja na watoto na wajukuu wao. Nchini Australia, serikali hugharimia utafiti wa kaya ulioanza mwaka 2001 chini ya usimamizi wa taasisi ya Melbourne, ambao kila mwaka huwarudia watu wapatao 17,000 na kuwauliza kuhusu kipato, kazi, afya na familia. Utafiti wa mara moja unaweza kuonyesha kwamba idadi ya maskini mwaka huu ni sawa na ya mwaka jana, lakini hauwezi kuonyesha iwapo ni watu walewale, na hapo ndipo sera hugawanyika. Ikiwa ni walewale, kinachohitajika ni uwekezaji wa muda mrefu katika elimu, matibabu na mitaji yao. Ikiwa wengi wametoka na wengine wameingia kwa sababu ya ugonjwa, talaka au kupoteza kazi, kinachohitajika ni kinga ya muda mfupi inayomfikia mtu mapema kabla hajauza mali zake. Ni vigumu kwa wizara kutunza utafiti wa namna hiyo kwa miaka hamsini, kwa sababu mawaziri hubadilika, majina ya wizara hubadilika, na kila anayeingia huja na dodoso lake. (Ndiyo maana mdadisi hurudi na maswali ya mwaka uliopita. Hajasahau majibu yako. Anataka kujua kama yamebadilika.)

Huduma inayozua ubishi zaidi ni tathmini, yaani kupima matokeo ya sera. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, huku jimbo jirani la Pennsylvania likibaki palepale. Wachumi David Card na Alan Krueger, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Princeton, walikusanya taarifa za migahawa 410 ya vyakula vya haraka katika pande zote mbili, kabla na baada ya badiliko hilo, na mwaka 1994 wakaripoti kwamba hawakuona dalili ya ajira kupungua upande uliopandisha mshahara. Wachumi wengi walikataa matokeo hayo, wengine wakarudia kazi kwa taarifa nyingine, na mjadala ukaendelea kwa miaka mingi. Wapo wananchi wanaouona ubishi wa aina hii kuwa ushahidi kwamba wataalamu hawajui wanachosema. Hawajaelewa. Ubishi unaofanyika hadharani, kwa takwimu ambazo kila upande unaweza kuzikagua, ndio kazi yenyewe, na mtunga sera anayeusikia hufanya uamuzi akijua ni wapi ushahidi ni imara na ni wapi bado unatikisika.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa kuwa swali la nani amelipa huulizwa mara nyingi kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu. Ni kweli kwamba tafiti nyingi hugharimiwa na serikali, na nyingine na wafadhili au kampuni. Jambo hilo halifichwi. Huandikwa katika kurasa za mwanzo za ripoti, ambazo inaonekana hazisomwi. Swali lenye uzito ni jingine: kwa mujibu wa mkataba, nani ana uwezo wa kuzuia matokeo yasichapishwe?

Utaratibu unaopaswa kufuatwa ni huu. Mwagizaji, yaani anayeomba utafiti, huwasilisha hadidu za rejea, ambazo ni maelezo ya kazi anayoitaka. Taasisi hujibu kwa pendekezo linaloeleza swali la utafiti, mbinu, ukubwa wa sampuli (yaani wachache watakaohojiwa kwa niaba ya wote), ratiba na bajeti. Watafiti wote, mkurugenzi akiwemo, hujaza tamko la mgongano wa maslahi linalotaja hisa, kazi za ushauri wa kulipwa na ndugu wa karibu walio katika mamlaka husika. Ofisi ya sheria ya chuo hupitia mkataba, hasa vifungu vya umiliki wa data, usiri na uchapishaji. Katika kifungu cha uchapishaji mwagizaji hupewa muda maalumu, mara nyingi siku 30 au 60, wa kusoma rasimu na kuonyesha makosa ya taarifa au mambo ya siri yaliyoingia bila kukusudiwa. Maoni yake hupokelewa kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi, hoja moja baada ya nyingine. Muda ukiisha, taasisi huchapisha, na mwagizaji hana kura katika hitimisho. Zipo tafiti chache, kwa mfano zinazogusa usalama au taarifa za wagonjwa, ambazo sheria huzuia kuchapishwa kwake zote au sehemu yake, na katika hizo hatuna budi kuheshimu sheria. Nje ya hapo, mkataba unaompa mwagizaji haki ya kuidhinisha matokeo haupaswi kusainiwa. Mtafiti akitaka kufanya kazi ya namna hiyo kama mshauri binafsi, na aifanye kwa jina lake mwenyewe, bila nembo ya chuo. Serikali nayo hunufaika na kifungu hicho, maana ripoti isiyoruhusiwa kumkosoa aliyeiagiza haiwezi kumtetea siku atakapokuwa na haki.

Kuchapisha peke yake hakutoshi ikiwa hesabu hazikaguliki. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyoonyesha kwamba uchumi wa nchi tajiri ambazo deni la serikali linazidi asilimia 90 ya pato la taifa ulisinyaa kwa wastani wa asilimia 0.1 kwa mwaka, na viongozi waliokuwa wakitetea kubana matumizi wakainukuu. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, alikuwa akirudia hesabu hizo kama zoezi la darasani na zikagoma kulingana. Aliwaomba waandishi lahajedwali yao, yaani faili la kompyuta lenye hesabu zao, wakampa, akakuta fomula imeacha nchi tano. Mwaka 2013 yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walichapisha kupitia taasisi ya utafiti ya chuo hicho hesabu iliyorekebisha kosa hilo pamoja na namna ya kuchagua miaka na kuipa uzito, na wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Waandishi wa awali walikubali kosa la fomula, huku wakishikilia kwamba deni kubwa bado huambatana na ukuaji mdogo. Jambo la kuzingatia kwa msomaji wa kawaida ni kwamba waliombwa faili na wakalitoa. Ukikuta ripoti ya sera ambayo waandishi wake hawakubali kuonyesha hesabu zao kwa yeyote, una sababu halali ya kuitilia shaka, hata kama hitimisho lake linakupendeza.

Kuhusu lalamiko la pili, lipo linalotuhusu na lipo lisilotuhusu. Serikali hupima ushahidi pamoja na bajeti, ahadi za uchaguzi na hoja za wadau, na ripoti iliyokamilika mwezi mmoja baada ya bajeti kupitishwa inaweza kusubiri mwaka mzima. Aidha, matunda mengi ya utafiti ni mambo yasiyofanyika, kama mpango uliositishwa katika majaribio kabla haujameza fedha za umma, na jambo lisilofanyika halina utepe wa kukatwa. Hata hivyo, walalamikaji wana hoja nzito kuliko wanavyojua katika suala la mrejesho. Kurudi katika maeneo yaliyohojiwa na kueleza matokeo kwa lugha ya wenyeji ndicho kipengele kinachokatwa mapema zaidi fedha zinapopungua, na hakuna sababu ya kitaaluma ya kufanya hivyo.

Lalamiko la tatu tumelijibu mara nyingi mno. Kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika orodha kamili, kabla mdadisi hajatoka ofisini. Sampuli ya watu 1,000 iliyochaguliwa hivyo hutoa makadirio yanayoweza kupishana na hali halisi kwa takriban asilimia 3 juu au chini. Ili kuipunguza tofauti hiyo hadi nusu, sampuli inabidi iwe mara nne, yaani 4,000. Ukubwa wa nchi hauathiri sana hesabu hiyo, ingawa wengi hawako tayari kuamini. Kinachoiharibu ni kubadilisha nyumba. Mdadisi anayeingia nyumba isiyo katika orodha kwa sababu mwenyeji amemkaribisha vizuri, au anayeiruka iliyo katika orodha kwa sababu mlima ni mkali, amevuruga matokeo ya wote. Kwa mara nyingine, kuhojiwa hakumwingizi mtu katika msaada wowote, wala kutohojiwa hakumwondoi.

Anayehojiwa analindwa na utaratibu mrefu ambao haukuzuka hivi hivi. Nchini Marekani, ufichuzi kwamba wanaume weusi wenye kaswende mjini Tuskegee walifuatiliwa kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 bila kutibiwa ulizaa Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, iliyoweka misingi ya heshima kwa watu, kutenda mema na haki. Kwa hiyo, kabla ya mahojiano yoyote, kamati ya maadili ya utafiti lazima isome dodoso, fomu ya ridhaa na mpango wa kutunza data, na itoe kibali chenye namba na tarehe ya kuisha. Mdadisi hubeba kitambulisho na nakala ya kibali. Ni lazima akueleze madhumuni, muda utakaotumika, na kwamba unaweza kukataa swali lolote au kusitisha mahojiano bila kutoa sababu. Majina hutenganishwa na majibu, hupewa namba za siri, na orodha inayounganisha hivyo viwili hufungiwa mahali pake. Afisa wa serikali, hata kama wizara yake ndiyo iliyolipa, hapewi majibu ya mtu mmoja mmoja.

Adhabu nazo hazina utani. Dodoso lililobuniwa hufutwa pamoja na madodoso mengine yote ya mdadisi huyo hadi yakaguliwe upya, naye huondolewa kazini. Mtafiti aliyevujisha taarifa au kughushi data huitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, hunyimwa ruzuku, makala zake hubatilishwa na anaweza kufukuzwa. Pale sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inapohusika, shauri huenda mbali zaidi. Diederik Stapel, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Tilburg nchini Uholanzi, alibainika mwaka 2011 kuwa alibuni data kwa miaka mingi. Alipoteza wadhifa wake, makala zake zaidi ya 50 zikabatilishwa, na waliomfichua walikuwa watafiti vijana waliofanya kazi chini yake.

Mwananchi anayetaka ripoti aiombe kwa kutaja kichwa chake au mada na mwaka. Akitaka data, ataombwa kusaini tamko kwamba hatajaribu kuwatambua waliohojiwa. Mwenye malalamiko kuhusu mahojiano ayapeleke kwa kamati ya maadili iliyotajwa kwenye fomu ya ridhaa, si kwa mdadisi wala kwa wizara, akitaja namba ya kibali, tarehe na eneo. Jina si lazima. Malalamiko yasiyo na namba ya kibali hupokelewa pia, ila uchunguzi wake huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa tafiti kadhaa zinaweza kuwa zinaendelea mahali pamoja kwa wakati mmoja.