Bosi, hizo taarifa za wafanyakazi unaziweka wapi?

Mabosi wengi wakituita tuwashauri, swali lao la kwanza ni kamera gani nzuri, au ile programu ya kuangalia mfanyakazi anafanya nini kwenye kompyuta inauzwa wapi, ni wachache sana wanaouliza hizo taarifa zikishakusanywa nani atakuwa anazifungua. Na kasheshe huwa inaanzia hapo.

Cheki kilichowakuta H&M, wale wauza nguo, kwenye kituo chao cha Nuremberg Ujerumani. Tangu 2014 hivi viongozi wa timu walikuwa na mtindo wao, mtu akirudi likizo au akitoka kuumwa anaitwa pembeni, karibu tena, likizo ilikuwaje, ulikuwa unasumbuliwa na nini, mtu anafunguka akijua anajuliwa hali kumbe anaandikwa, ugonjwa, matatizo ya familia, mpaka dini. Nyingine zilikuwa zinasomeka na mameneja hadi 50. Oktoba 2019 seting za mfumo zikakosewa, kampuni nzima ikaweza kuziona kwa masaa kadhaa, ndo wafanyakazi wakagundua. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Hamburg, hukohuko Ujerumani, ikawapiga faini ya yuro milioni 35.3.

Hakuna mdukuzi aliyeingia pale. Yale maandishi yasingekuwepo kusingekuwa na cha kuvuja, basi.

Huku kwetu Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na inamlinda mfanyakazi kama inavyomlinda mteja. Taarifa ikusanywe kwa sababu inayojulikana, na ukisema kamera ni ya wezi usije kesho kuitumia kuhesabu nani kaenda chooni mara ngapi (yapo haya, msicheke). Alama za vidole ni taarifa nyeti, na kusema kweli hizi mashine za kusaini kwa kidole ndo zinanitisha kuliko kamera, maana paswedi ikivuja unabadilisha, kidole je? Uingereza Februari 2024 Serco Leisure, kampuni inayoendesha vituo vya michezo, waliamriwa waache kutumia sura na vidole kuhesabia mahudhurio ya wafanyakazi zaidi ya 2,000, wakaambiwa mbona kadi za kazi zipo.

Kinachovujisha sana ni vitu vidogo tu, mlinzi anarekodi kioo cha kamera na simu halafu anarusha kwenye grupu la WhatsApp, faili la mishahara linatembea kwenye fleshi, mtu wa HR kaacha kazi na akaunti yake bado inafunguka. Anza na hivyo kabla hujanunua kamera nyingine.

Na wewe mfanyakazi una haki ya kuomba uone walichokuandika, omba kwa maandishi, weka tarehe, baki na kopi, wakikukaushia peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.