Tunamkimbia Kinyonga, Tunajikinga Mvua Chini ya Mwembe

Mkazi wa Kampala akimkuta kinyonga kwenye ua wa nyumba yake hupiga kelele mpaka majirani watoke na fagio. Mtu huyohuyo, mvua ya alasiri ikimkuta njiani huku ngurumo zinalia, atasimama chini ya mwembe na kungoja ipite. Kinyonga hana sumu. Mwembe, kwa saa ile, unaweza kumuua.

Hofu zetu nyingi za mjini zimekaa pasipo pake, na zinatugharimu. Ndege wanaotusaidia wanachukiwa, wadudu wasiouma wanapuliziwa dawa usiku kucha, na watu wanakufa kwa radi ambayo wangeweza kuikwepa. Nimezisikia dhana hizi kwenye teksi, sokoni na hata midomoni mwa walimu, kwa hiyo nazitaja kama zinavyosemwa.

"Kaloli ni mkosi, tena ndiye anayeleta uchafu"

Kaloli, yule korongo mkubwa wa Kampala, hahitaji kutambulishwa. Yuko juu ya nguzo za taa, kwenye majaa ya takataka, juu ya miti mikubwa ya Makerere. Kimo chake hufika mita 1.5, na akikunjua mabawa upana wake hupita mita 2 na nusu. Kichwa kina upara, shingoni unaning'inia mfuko wa rangi ya nyama, na miguu ni myeupe kama iliyopakwa chokaa. Sura hiyo ndiyo iliyomponza. Wapo wanaosimulia kwamba aliletwa Kampala na vita, akifuata maiti za enzi za Idi Amin, na kwamba akitua juu ya paa la nyumba kuna mtu atakufa.

Kaloli ni korongo wa Afrika, wa tangu zamani, na Uganda ni kwao. Anaishi katika nchi nyingi kusini mwa Sahara. Huko porini hufuata tai kwenye mizoga, huvua samaki katika madimbwi yanayokauka, hula vyura na kumbikumbi, na moto wa nyika ukiwaka husimama pembeni kuwadaka panzi wanaokimbia. Derek Pomeroy, mtafiti wa ndege aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Makerere, alichapisha utafiti kuhusu idadi na maeneo ya kaloli nchini Uganda mwaka 1973. Mjini wamefuata mabaki ya machinjio, masoko na majaa, yaani vitu tulivyovitupa sisi.

Na ile sura inayochukiza ina sababu kwa kila sehemu yake. Upara unamwezesha kuingiza kichwa ndani ya mzoga bila manyoya kulowa damu. Mfuko wa shingoni watu husema ni ghala la nyama. Umejaa hewa tu, naye huuvimbisha kuwaonyesha kaloli wenzake. Weupe wa miguu ni kinyesi chake mwenyewe. Miguu yenyewe ni ya rangi ya giza, lakini jua linapowaka huimwagia kinyesi cha majimaji, na kinapokauka kinampunguzia joto. Mtazame saa saba mchana akiwa amesimama juu ya paa bila kivuli, utaona anavyofanya. Huzaa kiangazi, wakati ndege wengi wanangoja mvua, kwa kuwa maji yakipungua samaki na vyura hukamatika kwa urahisi na vifaranga hupata chakula.

Kuhusu uchafu, tusimsingizie. Jaa la Kiteezi, ambako kaloli walijaa kila siku, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Lundo lile lilipandishwa na malori ya takataka za mji mzima, mwaka baada ya mwaka. Kaloli alikuwa akila sehemu ya nyama na matumbo ambayo yangeozea pale. Tahadhari ya kweli juu yake ni ndogo: usiweke meza ya chakula chini ya mti wenye viota, nawa mikono ukiguswa na kinyesi, na usimbane pembeni, kwa sababu mdomo ule ni mzito. Kukata mti mzima ili kufukuza viota ni hasara tupu. Kivuli kinapotea, na ndege wanahamia mti wa jirani.

"Inzi wa Nairobi hukojolea watu"

Msimu wa mvua, keti jioni karibu na taa ya muuza chapati. Kumbikumbi watatangulia. Baada yao utamwona mdudu mwembamba, hafiki sentimita moja, mweusi na wa rangi ya chungwa kwa zamu, anatembea mbio mezani huku ameinua ncha ya mkia. Huyo ndiye. Wengine husema anauma, wengine kwamba anakojoa, na karibu kila mtu akimhisi shingoni humpiga kofi.

Kofi hilo ndilo linaloleta kidonda. Mdudu huyu ni aina ya mbawakawa, haumi wala hachomi. Ndani ya mwili wake mna sumu iitwayo pederini, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, na haitoki mpaka apondwe. Ukimsaga, sumu inabaki kwenye ngozi, nawe hutahisi kitu papo hapo. Kesho yake au keshokutwa unaona mstari mwekundu unaowaka, kisha malengelenge. Mara nyingi watu huonyesha vidonda viwili vinavyofanana, kimoja juu na kimoja chini ya kiwiko, wakidhani wameumwa mara mbili. Ni sumu ileile moja iliyogusana mkono ulipokunjwa.

Akitua juu yako, mpulize au mwache apande kwenye karatasi umtoe. Ukishamponda, osha kwa sabuni na maji mara moja, pamoja na vidole vyako, kabla hujagusa jicho. Kupaka dawa ya meno, ambayo vijana wengi huikimbilia, hakuiondoi sumu. Kidonda kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja au mbili. Kikiwa jichoni, nenda hospitali. Usiku zima taa ya nje iliyo karibu na dirisha, kwa sababu taa ndiyo inayomwita.

Kwenye taa hiyohiyo hukaa mjusi kafiri, ambaye hulaumiwa kwamba akiangukia chakula kinageuka sumu. Hana sumu yoyote. Chakula alichokikanyaga kinaweza kuchafuliwa na vijidudu vya kinyesi chake, kama kile kilichokanyagwa na panya, kwa hiyo funika sufuria. Lakini kumuua mjusi ni kuua mla mbu. Bundi naye hatabiri kifo cha mtu. Analia kumwita mwenzake na kuwaonya bundi wengine wasiingie eneo lake, na kazi yake usiku ni kukamata panya.

Na lile wingu jeusi linalosimama juu ya ziwa, ambalo mgeni wa Entebbe au Ggaba hudhani ni moshi wa kitu kinachoungua, si mbu wa malaria. Ni mamilioni ya visubi vya ziwani waliokulia matopeni chini ya maji, wakapanda juu wote kwa pamoja ili kuzaliana. Hawanyonyi damu, na wakishataga hufa. Wakiingia kwa wingi puani wanaweza kumsumbua mwenye pumu, basi funga dirisha. Samaki na mbayuwayu wanawangoja kwa hamu.

"Popo wa mjini ndio wenye Marburg"

Hofu hii ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo inafaa kuelezwa vizuri. Virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kuua, vina makao kwa popo mmoja mla matunda anayeishi mapangoni na migodini. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua, na wanasayansi waliokwenda kuwapima popo wa mgodi ule walivikuta virusi hivyo mwilini mwao. Mwaka uliofuata mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo.

Wale wanaoning'inia mitini mjini kwa makundi makubwa, wenye manyoya ya rangi ya majani makavu, ni aina nyingine. Hawalali mapangoni. Jioni huruka mbali kutafuta matunda na maua, na njiani hudondosha mbegu. Mvule, mti wa mbao tunaoutaka sana, hutegemea mno popo hawa kusambaza mbegu zake. Wanaokata miti wanayolala ili "kuzuia ugonjwa" wanauondolea msitu mpanzi wake, na wanawafanya popo waliotawanyika wasogelee nyumba zaidi.

Bado popo hashikwi kwa mikono mitupu, awe wa aina yoyote, mzima au mfu. Embe lenye alama za meno litupe. Na usiingie pango lenye popo kwa sababu tu kijana wa pale amekuambia ni salama.

"Asubuhi kuna jua kali, leo hakuna mvua"

Jua kali la asubuhi mara nyingi ndilo linaloipika mvua ya alasiri. Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina hali ya hewa yake lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo wa ziwani huingia bara, hewa yenye unyevu hupanda na mawingu hujengeka juu yetu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa haraka, upepo hutoka pande zote za ufuko na kukutana juu ya maji, na huko ziwani ngurumo hupiga mpaka alfajiri. Wavuvi wengi wanazama kwa dhoruba hizo za usiku. Mvua za kabla ya mapambazuko katika mitaa ya ufukweni mara nyingi zimetoka huko.

Mvua ya mawe pia huanguka hapa Ikweta. Mawingu yetu hupanda juu sana, na huko juu ni baridi ya barafu hata kama chini tuna joto.

"Radi hutumwa, hupenda nguo nyekundu, na aliyepigwa haguswi"

Uganda ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi duniani, na hapa ndipo dhana potofu zinapozika watu. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo, wakiwa shuleni. Tarehe 2 Novemba 2024 iliua watu 14 waliokuwa wakisali katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo. Baada ya msiba wa namna hii daima huzuka swali la nani ameituma, na jirani asiye na hatia huanza kutazamwa vibaya. Nauelewa uchungu unaozaa swali hilo. Lakini radi ni umeme unaojikusanya ndani ya wingu na kutafuta njia ya kufika ardhini, na unapofika husambaa kwenye udongo. Ndiyo sababu pigo moja huua wengi, hasa watoto walio peku kwenye sakafu ya udongo.

Rangi ya nguo haina uzito wowote, na kufunika kioo hakusaidii. Simu ya mkononi haiiti radi. Iliyo kwenye chaji ndiyo ya kuachwa, kwa sababu umeme hupitia nyaya. Kandambili za mpira hazikingi, kwa maana umeme uliokwisha kuvuka kilomita za hewa hauzuiwi na soli. Mti mrefu, kibanda cha nyasi, banda la mabati lisilo na nyaya wala mabomba yaliyofukiwa ardhini, vyote ni mahali pabaya. Pazuri ni jengo kamili lenye mfumo wa umeme na maji, au gari lenye bodi ya chuma, vioo vikiwa vimefungwa. Teksi inatosha kabisa. Bodaboda haikingi chochote, hata yenye mwavuli mkubwa.

Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo; kila 3 ni kilomita moja. Ngurumo ikisikika tu, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ile ya mwisho. Wengi hupigwa mvua ikiwa imekatika, wanarudi uwanjani kumalizia mpira. ACLENet, mtandao wa Afrika unaoshughulikia usalama dhidi ya radi, wenye makao yake Kampala, umekuwa ukifunga kinga radi mashuleni, Runyanya ikiwemo, na shule nyingi bado zinangoja.

Kuna neno linalouma zaidi ya yote: "Mzee, usimguse, bado ana umeme." Hana. Mwili hautunzi umeme wa radi hata kidogo. Aliyepigwa mara nyingi moyo umesimama au pumzi imekatika, na dakika zile za kwanza ndizo zake. Mguse. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, weka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine anatafuta gari. Na kama wamepigwa wengi kwa pamoja, wanaolia na kugaagaa wanaweza kusubiri kidogo. Anza na waliolala kimya.