Je, wajua Kiingereza kina neno la kumtupa mtu dirishani?

Neno lenyewe ni defenestration, kitendo cha kumtupa mtu nje kupitia dirishani. Limeungwa kwa Kilatini: de ni kutoka, fenestra ni dirisha. Lakini nani alihitaji neno zima kwa jambo kama hilo? Jibu liko Prague, mji mkuu wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki.

Tarehe 23 Mei 1618, mabwana wa Kiprotestanti wa Bohemia, kabaila Thurn akiwaongoza, walipanda kwenye kasri la mji huo wamefura kwa hasira. Mfalme Rudolf wa Pili alikuwa amewapa uhuru wa kuabudu kwa maandishi mwaka 1609, na sasa makanisa yao yanafungwa na kubomolewa. Wakawakuta magavana Wakatoliki wa mfalme ofisini, wakiwemo Martinice na Slavata. Martinice ndiye aliyetangulia kurushwa. Slavata aling'ang'ania ukingo wa dirisha mpaka akapigwa vidole kwa mpini wa jambia, akaachia. Wa tatu, Filip Fabricius, alikuwa karani tu, lakini naye hakuachwa.

Kutoka pale hadi chini ni kama mita 21, na wote watatu walipona! Wakatoliki walisema wamedakwa na Bikira Maria. Waprotestanti wakasema wamedakwa na lundo la samadi. Kwa maoni yangu, makoti mazito ya zama zile na mteremko wa pale chini vilisaidia zaidi. Fabricius alikwenda Vienna kupeleka habari, na baadaye akatunukiwa ukabaila kwa jina la von Hohenfall, yaani "wa Anguko la Juu". Aliyelibuni hakukosa utani.

Uasi huo ndio uliowasha Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoua mamilioni ya watu Ulaya hadi vilipokoma mwaka 1648.

Tena Prague haikuwa ngeni kwa mchezo huo. Tarehe 30 Julai 1419, wafuasi wa Jan Hus, mhubiri aliyetaka kanisa lifanyiwe mageuzi, wakiwa na padri Jan Želivský, walivamia ukumbi wa baraza la mji na kuwatupa madiwani dirishani. Hao hawakuwa na bahati: waliofika chini wakiwa hai walimaliziwa na umati.

Siku hizi wanahabari wa Kiingereza hulitumia neno defenestration kwa kiongozi aliyeng'olewa ghafla madarakani, na wapenzi wa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoshindana na Windows, hulitumia kwa utani wanapoifuta Windows ("madirisha" kwa Kiingereza) kwenye kompyuta zao.