Nywila ya Linux si nywila ya Samba
Wanaoanza kutumia Samba, programu ya kushirikisha folda za seva ya Linux na kompyuta za Windows, hudhani nywila ya kuingilia kwenye seva ya Linux ndiyo itakayofungua folda wakiwa kwenye Windows. Sivyo. Kwa kawaida Samba hutunza orodha yake ya nywila, hivyo mtumiaji aliyekwisha kuwepo kwenye Linux lazima aongezwe huko pia: sudo smbpasswd -a, kisha jina lake. Wengi hukimbilia chmod 777, amri ya Linux ya kufungua ruhusa zote za folda, na hilo hunisikitisha sana, kwani haliponyi nywila iliyokataliwa, ila huwaachia watumiaji wote wa seva ruhusa ya kuandika na kufuta. Ukishaingia lakini ukashindwa kuandika, hapo ndipo ukague ruhusa za folda, na mstari wa read only kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba; usipouandika mstari huo, Samba huichukulia folda kuwa ya kusomwa tu.