Mbona uzazi wa mpango ni bure na bado kinamama hawatumii?

Mwanamke akibeba mimba ya sita utasikia watu wanasema huyo hana elimu, kwani hajui kuna uzazi wa mpango? Jamani anajua. Nyota ya kijani, ile alama ya uzazi wa mpango, anaijua, na kwamba kituo cha serikali hapa Tanzania hawatozi hela anajua pia. Ila utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 31, wakati ule wa 2015-16 ilikuwa 32, yaani tumesimama palepale, na karibu 1 kati ya 5 anataka kupumzika kuzaa au hataki tena kabisa lakini hatumii chochote.

Muulize anayetumia kwa siri kwa nini kachagua sindano. Atakwambia vidonge mume atavikuta kwenye pochi, kijiti kinakaa chini ya ngozi ya mkono, ukipapasa unakigusa, sindano unachoma kila miezi 3 hakuna anayejua, na kadi anaiacha kwa dada yake. Sasa siku zikivurugika, damu inatoka kidogo kidogo wiki nzima au inakata kabisa, mume anaanza maswali na mama kwa hofu anaacha. Sindano haizibi kizazi, ila ukiacha mimba inaweza ikachelewa miezi kadhaa hata ikakaribia mwaka, na hili mtu aambiwe siku ya kwanza sio aje kulisikia kwa majirani.

Halafu huyuhuyu kaomba nauli ya boda kwa uongo, kafika kituoni anaambiwa dawa imeisha njoo wiki ijayo. Wiki ijayo hela anatoa wapi? Mwingine anaulizwa mumeo anajua? Saini ya mume haitakiwi, na swali hilo mbele ya foleni linamrudisha mtu nyumbani mikono mitupu. Kinaniuma zaidi kijiti, wahudumu wa kuweka wapo, wa kutoa mpaka hospitali ya wilaya, au anaambiwa vumilia mpaka muda wake uishe wakati ana haki kukitoa siku yoyote anayotaka, na akirudi mtaani na hiyo habari ujue wenzake kumi hawaji tena.

Kinababa, siku ya kliniki nendeni nao, kaeni ndani msikilize wote wawili. Na wahudumu wenzangu, hilo swali la mume tuliache.