Kukanda Mkate Ili Kutuliza Mawazo: Maswali na Majibu

Kukanda unga kunamtulizaje mtu mwenye mawazo mengi?

Wasiwasi hula ya kesho na ya jana. Anayekanda ana kazi ya sasa hivi: sukuma, kunja, geuza, kwa dakika kama 10. Pumzi huanza kufuata mwendo wa mikono. Isitoshe, vidole vimejaa unga na simu haishikiki, jambo ambalo kwangu ni nusu ya dawa.

Katika tiba ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ipo njia ambayo mgonjwa na mshauri wake hupanga shughuli ndogo zinazowezekana, kwa kuwa anayengoja hamu irudi ndipo aanze, hungoja sana. Mkate unafaa kuwa shughuli ya namna hiyo: una mwanzo, una mwisho, na mwisho wake unalika. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, wengi waliukimbilia, hadi hamira ikaadimika madukani Ulaya na Marekani.

Basi mkate unatibu sonona?

Hapana. Huzuni, kukosa usingizi au kutofurahia chochote vikiendelea kwa wiki 2 au zaidi, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujidhuru, usingoje hata siku moja. Mwambie mtu aliye karibu nawe na mtafute msaada leo hii.

Sina oveni. Nianzie wapi?

Anza na mkate wa sufuria. Chukua unga wa ngano gramu 500, hamira ya chenga vijiko 2 vya chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko 2 vya chakula na maji ya uvuguvugu mililita 300 hivi. Maji ya moto huua hamira, kwa hiyo yawe ya kuvumilika kidoleni. Changanya, kanda mpaka unga uwe laini na uvutike, kisha ufunike.

Ukishaumuka mara mbili ya ulivyokuwa, ukandamize kidogo utoe hewa, uweke kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, uache uumuke tena. Weka makaa machache chini, palia mengi zaidi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 30 hadi 40, ugonge chini: ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva.

Jiko la mkaa lina madhara?

Hapa ndipo ninapowaonya watu kwa ukali. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Pikia nje au mahali penye upepo wa kutosha. Usiliingize jiko chumbani eti mvua inanyesha, wala usilale nalo kwa ajili ya joto. Kichwa kikiuma, ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu ukiwa jikoni, toka nje mara moja, uwatoe na wengine, kisha mtafute matibabu.

Kungojea uumuke kunanichosha. Nitafupishaje?

Usifupishe. Pwani, kwenye joto, huenda ukatosha ndani ya saa moja; Njombe au Limuru wakati wa baridi, subira inahitajika zaidi. Hamira inakula sukari ya unga na kutoa hewa kwa kasi yake, na haikuhitaji. Huo ndio muda adimu ambao kazi inaendelea huku wewe umekaa. Ukichungulia kila dakika tano, umeugeuza mkate kuwa mtihani mwingine.

Nina kisukari, na mama ana presha. Tule?

Mkate mweupe hupandisha sukari haraka. Tumia atta, yaani unga wa ngano usiokobolewa, kwa sehemu ya unga, kula kipande kidogo pamoja na maharage au yai, na upime sukari yako. Hata wa atta una wanga. Kwa mama, angalia chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, na kijiko kile kimoja cha chai ni kama gramu 6 kwa mkate mzima. Kipunguze hadi nusu. Mkate utaumuka tu.

Na ukigoma kuumuka?

Mara nyingi hamira imekufa. Siku nyingine ijaribu kwanza: ikoroge kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, usubiri dakika 10 uone povu. Unga wa leo usiutupe. Ugawe madonge, usukume, upike chapati nene kwenye kikaango, mle na chai.