Wavu wa Jiko la Moshi: Yanayosemwa na Yanayoonekana Motoni

Kapu la kwanza la makaa nililojitengenezea lilinipa raha hata kulitazama. Waya wake ulimeta, matundu ya mraba yamejipanga sawasawa, na aliyeniuzia wavu alinihakikishia kuwa ni stenlesi, chuma chenye kromi kisichoshika kutu kwa urahisi. Nikalijaza makaa, nikaliwasha, nikalishusha chini ya pipa la kubanikia. Haikuchukua muda, waya ukaanza kugeuka manjano na miali ikashika rangi ya kijani yenye ubuluu. Lilipopoa, yale manjano yakawa meupe kama chokaa, na nilipogusa, unga ukabaki kidoleni. Ilikuwa zinki. Oksidi ya zinki ikiwa ya moto huwa manjano, ikipoa hurudi nyeupe; ukishayaona mabadiliko hayo mara moja, huhitaji mtu wa kukueleza waya wako umepakwa nini. Nyama ya siku ile niliitupa yote.

Tangu hapo nasikiliza kwa makini kila mafundi wa majiko ya moshi, yale ya kuivisha nyama polepole kwa moshi na joto dogo, wanapozungumzia nyavu. Mambo yaleyale hurudiwa kwa uhakika mkubwa, na mengi si kweli. Nadhani chanzo ni kimoja: mtu huuliza wavu gani ni mzuri kabla ya kujiuliza utakaa wapi. Ndani ya jiko moja kuna mahali chuma kinawaka chekundu, na hatua moja juu yake kuna mahali ambapo joto limepita kidogo tu lile la maji yanayochemka. Wavu unaofaa hapa unaweza kuwa hatari pale.

"Ukinasa sumaku, si stenlesi"

Hii inawapoteza wengi kwa sababu ina ukweli nusu. Stenlesi ya daraja 304, yenye kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, ikiwa bati ambalo halijafinyangwa hainasi sumaku. Lakini waya wa wavu huvutwa ukiwa baridi kupitia tundu jembamba, kisha hukunjwa na kufumwa, na kazi hiyo hubadilisha mpangilio wa ndani wa chuma hadi kikaanza kuvutwa na sumaku kidogo. Daraja 430, lenye kromi asilimia 17 hivi na bila nikeli ya kuhesabika, hunasa sumaku barabara na bado ni stenlesi halali. Kwa upande mwingine, alumini hainasi hata kidogo. Anayetegemea sumaku pekee anaweza kuacha wavu mzuri na kubeba ule utakaoyeyuka.

Mimi hutumia siki. Omba kipande kidogo cha wavu, kitumbukize kwenye kikombe cha siki, kiache hadi kesho yake. Waya wa zinki hutoa vipovu vidogo na kupoteza mng'ao. Stenlesi hutoka kama ilivyoingia. Kama huwezi kusubiri, tazama maungio. Wavu uliochomelewa kisha ukachovywa kwenye zinki huwa na matone yaliyoganda pale waya zinapokutana, kama nta iliyochuruzika kwenye mshumaa. Stenlesi iliyochomelewa haina uvimbe huo.

"Zinki ni sumu, isikaribie jiko" na "Zinki haina neno"

Hizi ni imani mbili zinazopingana, na zote mbili zinakosea.

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi na kuchemka kwenye nyuzi 907. Upande wa chakula, jiko la moshi kwa kawaida huendeshwa kati ya nyuzi 105 na 135. Kwenye joto hilo zinki haiyeyuki wala haigeuki mvuke, kwa hiyo bati la zinki kwenye miguu ya jiko au kwenye kinga ya upepo kwa nje halimdhuru mtu. Anayekuambia uvunje jiko zima kwa sababu ya boliti moja iliyopakwa zinki huko nje anakutisha bure.

Lakini makaa yanayopata hewa nzuri hupita nyuzi 900 bila shida. Hapo zinki huungua na kutoa moshi mweupe wa oksidi. Mafundi wa kuchomelea wanaujua moshi huo: anayeuvuta kwa wingi hushikwa na homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya misuli na ladha ya chuma mdomoni. Dalili huanza saa kadhaa baada ya kazi, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Kapu la makaa, chekeche ya majivu, na chochote kinachogusana na moto kisiwe na zinki. Katika hili sina mjadala.

Wavu wa kuwekea chakula nao usiwe wa zinki, ingawa joto lake ni dogo. Sababu yake ni tindikali. Limau, siki na nyanya huila zinki polepole na kuiingiza kwenye nyama, na zinki nyingi tumboni huleta kichefuchefu na kutapika. Watu hutazama kipimajoto, wakaridhika, wakasahau kwamba nyama yenyewe imelowekwa kwenye limau usiku kucha.

"Uchome kwanza, zinki itaisha"

Moshi unaoukimbia ndio huohuo unaouwasha kwa makusudi, na tabaka halitoki lote. Usifanye.

"Wavu wa jokofu la zamani unafaa, si ulikuwa unabeba chakula?"

Ulikuwa unabeba chakula kwenye baridi. Baadhi ya nyavu za majokofu ya zamani zilipakwa kadimi, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 321 tu na ambayo mafusho yake ni hatari kuliko ya zinki kwa mbali. Yanaweza kuua mapafu, na mapafu yenyewe hayakupi onyo la maana wakati unavuta. Nyingine zimevikwa plastiki. Kwa macho huwezi kutofautisha kadimi na mipako mingine inayong'aa, na mimi sichukui hata moja. Wavu wa ndani ya oveni ni habari nyingine kabisa, maana ulitengenezwa kwa ajili ya joto, na kwa kuwekea chakula unafaa.

"Meshi namba kubwa, tundu kubwa"

Ni kinyume chake. Namba ya meshi ni idadi ya matundu ndani ya inchi moja, kwa hiyo namba ikipanda, tundu linapungua. Meshi 4 ina matundu manne katika milimita 25.4, yaani milimita 6.35 kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya unaofuata. Toa unene wa waya ndipo ulipate tundu: waya ukiwa milimita 1.2, tundu ni milimita 5.15.

Namba bila unene wa waya ni nusu ya habari, na hapa ndipo watengenezaji wa visanduku vya unga wa mbao, vile vya wavu ambamo unga huunguzwa ili kutoa moshi, huharibikiwa. Chukua meshi 20. Kwa waya wa milimita 0.4, tundu ni milimita 0.87 na sehemu iliyo wazi ni asilimia 47 hivi. Kwa waya wa milimita 0.25, tundu ni milimita 1.02 na uwazi unafika karibu asilimia 65. Namba ni ileile, lakini moto mwingine kabisa. Unga wa mbao huungua bila mwali, polepole, ukivuta hewa kutoka chini. Uwazi ukiwa mdogo mno, unazima katikati ya usiku. Waya ukiwa mwembamba mno, unaliwa na joto baada ya matumizi machache na kutoboka. Mimi huchagua waya wa milimita 0.4 hadi 0.5, wa stenlesi, na unga wa mbao uliokauka vizuri. Ukavu wa unga una uzito kuliko watu wanavyodhani. Nimeona wavu ukilaumiwa kwa kosa la unyevu.

Kwa kazi hiyohiyo wengine huchukua wavu wa dirishani. Mwingi ni nyuzi za glasi zilizovikwa plastiki, na plastiki hiyo ikipata moto hutoa gesi yenye tindikali inayowasha macho na koo. Mwingine ni alumini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660 na kulegea mapema kabla ya hapo.

Kapu la makaa linataka kitu tofauti: matundu ya milimita 12 hadi 20, na chuma chenye unene wa milimita 3 hivi. Majivu lazima yadondoke. Yakikwama yanaziba hewa, moto unadumaa, na moshi unakuwa mzito na mchungu.

"Chuma cheusi hakifai, stenlesi haishiki kutu"

Stenlesi hushika kutu ikipewa sababu. Chumvi ndiyo adui yake mkubwa: wavu ulioachwa na majimaji ya nyama ya chumvi kwa siku kadhaa hutoka na vidoa vya kahawia. Vilevile ukiusugua kwa brashi ya chuma cha kawaida, chembe za chuma hubaki juu yake na kuota kutu.

Na chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida kisichopakwa chochote, ndicho ninachokipenda kwa kapu la makaa, hasa ule wavu wa bati lililochanwa na kuvutwa hadi matundu yakawa na umbo la almasi. Hauna maungio ya kuachia, ni mgumu, na ukikatwa haufumuki. Uunguze mara moja ukiwa mtupu ili mafuta ya kiwandani yaishe, kisha uupake mafuta ya kupikia kila unapomaliza. Utaliwa na moto taratibu na siku moja utaubadilisha. Stenlesi 304 ingedumu zaidi, kwa kuwa inastahimili kuwashwa na kupozwa hadi karibu nyuzi 870, lakini siioni kuwa ya lazima pale chini. Iweke juu, kwenye chakula, ambako kuoshwa kwa urahisi kuna thamani.

Usitafute vipande vikubwa vizima. Mafundi wa mageti na madirisha hubakiwa na vipande vya wavu wa almasi visivyowafaa, na kapu la makaa halihitaji zaidi ya hivyo. Kitu cha kuuliza ni kama kimepakwa rangi, na kama kilishachuja kemikali mahali fulani. Kisicho na historia inayojulikana, kiache.

"Uchomelee pande zote ukae imara"

Wavu wa stenlesi 304 wenye upana wa milimita 500 ukipashwa nyuzi 400 juu ya joto la kawaida hurefuka kama milimita 3.5. Fremu ya chuma cheusi hurefuka kama milimita 2.5 kwa joto hilohilo. Ukiwa umeubana pande zote nne, ile milimita moja haina pa kwenda, basi wavu unavimba katikati au maungio yanapasuka. Shika upande mmoja, pande nyingine ziache zielee ndani ya mfereji.

Kingo nazo zinahitaji kazi. Wavu wa kufumwa ukikatwa huachia vinywele vya waya, na kimoja kikiingia kwenye nyama hukioni mpaka kimekwama kooni. Kunja ukingo mara mbili kwa koleo, ugonge kwa nyundo ulale, kisha pitisha kitambaa cha pamba polepole kuuzunguka wote. Kikinasa mahali, rudia hapo.